Mnyamwezi Haachi Safari

Jioni ya kwanza niliyokaa kucheza bao Bagamoyo nilifungwa mkononi. Anayelijua bao ameshaelewa. Kwa asiyelijua, ni hivi: kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na nyingine 22 kiganjani, na hizo za kiganjani huzishusha mojamoja, ndiyo kunamua. Safu yako ya mbele ya mashimo ikimalizwa wakati mwenzako bado ana kete mkononi, basi umefungwa mkononi. Ni kama harusi kuvunjika wali ungali jikoni.

Aliyenifunga alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, fundi wa kuunda mashua aliyeacha kazi macho yalipoanza kufifia. Hakusema kitu. Alizikusanya komwe zake taratibu, akazipuliza vumbi. Aliyesema ni kijana muuza kahawa, tena kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara: "Jamani, mwalimu wa hesabu kapata sifuri!"

Baraza zima likaangua kicheko. Nikainuka, nikakung'uta suruali, nikasema nina madaftari ya kusahihisha. Sikurudi pale kwa miezi minne.

Hiyo ilikuwa 2012, mwaka niliopangiwa kufundisha hisabati katika shule moja ya sekondari mjini pale. Nilipanga chumba Mji Mkongwe, nyuma ya barabara yenye milango ya nakshi, na njia fupi ya kwenda shuleni inapita palepale wazee wanapokaa. Nikawa sipiti. Nilishuka hadi pwani, nikakata katikati ya soko la samaki, kwenye moshi wa mikaango na kelele za mnada, kisha nikapanda tena mjini kwa upande wa pili. Dakika 5 zikawa 20. Kila asubuhi niliingia darasani na mchanga viatuni, na mtu akiniuliza nilimjibu kwamba napenda upepo wa bahari.

Sababu yake ilikuwa ya zamani kuliko bao. Mimi nimezaliwa Tabora, kwenye nyumba iliyosema Kinyamwezi, na ulimi wangu wa utotoni ulikuwa hautenganishi l na r. Nikiwa darasa la tano nilisimamishwa kusoma aya kuhusu uchaguzi wa kijiji. Palipoandikwa kwamba wananchi walipiga kura, mimi nikasoma walipiga kula. Mwalimu akanirudisha nyuma. Nikasoma tena, kosa lilelile. Akaligeukia darasa akasema, "Mwenzenu ana njaa." Watoto wakacheka, naye akaniamuru nirudie, nikarudia, wakacheka, nikarudia, mpaka kengele ikagonga.

Hakuna aliyeniambia ulimi uwekwe wapi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, zaidi ya kicheko chenyewe. Sauti ya r nilijifundisha peke yangu miaka miwili baadaye, machungani kwa babu, nikiwasomea mbuzi, ncha ya ulimi ikitetemeka nyuma ya meno. Lakini tangu siku ile ya kura sikunyoosha mkono darasani mpaka nilipofika kidato cha tatu. Nilichagua mambo niliyokuwa na uhakika nayo na kuyakwepa mengine yote. Hisabati nilikuwa na uhakika nayo. Watu waliniona kijana makini. Nilikuwa kijana mwoga.

Aliyenirudisha barazani ni huyohuyo mzee wa mashua. Alinikuta sokoni asubuhi moja, yeye ananunua pweza, mimi napita haraka na begi langu.

"Mwalimu," akaniita. "Nasikia wewe Mnyamwezi."

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Shikamoo unampa nani? Mimi Mzaramo! Babu zako walipita kwetu na pembe za ndovu wakanywa maji ya visima vyetu, hawajalipa mpaka leo. Miezi minne unanizunguka kwa njia ya pwani. Unakimbia deni?"

Wauza samaki wakacheka. Sikujua la kusema. Akanishika mkono, akaushika kwelikweli kama mtu aliyempata mwizi wake, akasema, "Leo jioni, mtani. Usiponiona mimi, nitakuona wewe."

Nilikuwa nimeusikia utani tangu utotoni, lakini nilidhani ni maneno ya harusini tu. Bagamoyo ndipo nilipofundishwa maana yake. Njia ya misafara kutoka Ujiji na Tabora iliishia hapa, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu, na wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Walikuja na pembe, wakarudi na nguo na shanga. Jina lenyewe la mji wengi hulifasiri kuwa ni bwaga moyo: mtu ameiona bahari, anatua mzigo. Watu wa namna hiyo, wanaopita kila msimu kwenye ardhi ya wengine wakiwa na njaa na kiu, ama watapigana na wenyeji bila mwisho au watatafuta namna ya kuishi. Wazee pale husema walianza kwa ugomvi wakaishia kwenye utani. Mtani ana haki ya kukucheka mbele ya watu, nawe huna haki ya kununa. Na ukipatwa na jambo, yeye ndiye wa kwanza kushika jembe na kwenda kuchimba kaburi. Huwezi kuchukua upande mmoja ukaacha wa pili.

Basi nikarudi jioni ileile.

Niliendelea kufungwa. Nafungwa mpaka leo, na ningependa msomaji alishike hilo mapema, asije akasubiri mahali nitakapogeuka bingwa. Lakini jioni ile lilitokea jambo.

Kwenye safu ya mbele ya kila mchezaji lipo shimo moja la pembe nne liitwalo nyumba. Huanza na kete 6 na mchezo unavyokwenda huendelea kunona. Ukiwa unakula, yaani unazichukua kete za mwenzako, na kete yako ya mwisho ikaangukia humo, una hiari mbili. Unaweza kulala, zamu ikaishia hapo na nyumba yako ikabaki imejaa. Au unaweza kusafiri, ukazichota zote na kuzimwaga shimo kwa shimo. Mimi nilikuwa nasafiri. Kila mchezo, nilipopewa hiari nilizichota. Mchezo wa tatu, muuza kahawa hakuweza kujizuia.

"Mnyamwezi haachi safari!"

Mzee mwingine akadakia, "Akiona nyumba tu, anafunga mzigo!"

"Muulizeni, pembe kazipeleka wapi leo?"

Walicheka mpaka mtu aliyekuwa akipita na tenga la dagaa kwenye baiskeli akashuka kuuliza kuna nini. Mimi uso uliwaka. Nilikaa nikisubiri ile hali ya darasa la tano inishukie, koo kukaba na macho kujaa. Haikunishukia. Kilichonijia ni swali: kwani ni kweli? Nikairudisha michezo yote mitatu nyuma kichwani. Nyumba mara tatu, safari mara tatu. Ilikuwa kweli. Watu hawa walikuwa wamelitaja kosa langu kwa jina, kwa maneno matatu, tena maneno ambayo nisingeyasahau hata ningetaka.

"Mzee," nikasema, "nifanyeje?"

"Kwanza niambie kwa nini unasafiri."

Nikafikiri. "Naogopa utaila."

"Haya. Mimi nikitaka kuila, lazima nihangaike. Wewe ukiisafirisha, umenitandazia chakula kwenye kila shimo. Mgeni gani huyu anayempakulia mwenyeji?"

Wakacheka tena, na safari hii nami nikacheka, na sikumbuki kicheko kingine cha utu uzima wangu kilichotoka chini namna ile. Kilinilegeza mabega. Niliutazama ubao nikaona mashimo ambayo nilikuwa sijayatazama kabisa, yale ya upande wake.

Nimeutazama udhaifu wangu wa bao kwa miaka mingi sasa na naujua vizuri. Ubao una mashimo 32 na kete 64. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete unazichota hizo nawe unaendelea, hata zamu moja inaweza kuuzunguka upande wako mara kadhaa kabla haijalala. Mzee yule, aliyeishia darasa la nne, alikuwa anaona mahali zamu itakapolala kabla hajagusa kete. Mimi mwenye shahada hupotea njiani. Naushika mzunguko wa kwanza. Wa pili unanichanganya, kwa sababu mashimo niliyoyahesabu mwanzo yamekwisha kubadilika. Walinikumbusha mara kwa mara kwamba Mwalimu Nyerere naye alikuwa mwalimu na bao alilipenda. Hilo halikunisaidia kucheza vizuri zaidi. Lilinisaidia kujua kwamba nimekubaliwa, maana mgeni asiyetakiwa haambiwi maneno hayo. Anapewa kahawa, anaitwa bwana, anaachwa afungwe kimyakimya.

Jioni moja nikawasimulia ile habari ya kura. Sikuwahi kumsimulia mtu, hata mke wangu. Baraza likanyamaza. Muuza kahawa akaacha kugonganisha vikombe vyake. Nikahisi nimeharibu jioni ya watu. Kisha mzee akainama juu ya ubao, akatafuta shimo lake kwa kidole, akasema polepole, "Basi hapa ndipo kwenu, mtani. Hapa hatupigi kura. Hapa tunakula." Akala kete zangu 7.

Sijui nitalielezaje hili kwa mtu ambaye hajawahi kubeba aibu ya utotoni. Neno lilelile, kosa lilelile, kicheko kilekile ukisikia kwa mbali. Lakini yule mwalimu alikuwa ananicheka akiwa amenipa mgongo, uso wake kwa darasa. Huyu alikuwa amenielekea, magoti yetu yakigusana, na zamu iliyofuata ilikuwa yangu.

Mwaka 2014 niliandika barua ya kuomba uhamisho. Matokeo ya mtihani wa majaribio yalikuwa mabaya sana katika somo langu, na kwenye kikao cha wazazi baba mmoja alisimama akasema maneno ambayo yalinikata. Nikarudi nyumbani, nikaandika kurasa mbili: afya ya mama yangu, umbali na familia, hali ya hewa ya pwani. Mke wangu akaisoma barua yote amesimama, mtoto mgongoni. Akaikunja. Akasema, "Nyumba ndiyo kwanza inanona, Mnyamwezi unasafiri?"

Hakuwa amekanyaga barazani hata siku moja. Msemo ulikuwa umemfikia kisimani, kwa wanawake wa mtaa. Nilimkasirikia kwa dakika kama 10, kisha nikaingia chumbani nikakaa kitandani, nikaanza kucheka peke yangu, naye akaja akasimama mlangoni akicheka. Mama yangu alikuwa mzima wa afya. Alikuwa akilima karanga. Barua ile haikwenda popote. Mtoto aliichorea samaki.

Ndipo nilipoanza kulitazama darasa langu upya.

Mpaka wakati huo, mwanafunzi akikosea ubaoni nilikuwa nachukua dasta, nafuta haraka, naandika jibu sahihi. Nilidhani namsitiri. Nilikuwa nimeapa kwamba hakuna mtoto atakayechekwa mbele yangu, na kiapo hicho nilikitimiza, ila kumbe darasa lilikuwa limekufa ganzi. Hawakunyoosha mikono. Kosa lilifutwa kabla mtu hajaliona lilivyo, na kesho yake likarudi lilelile, kwenye madaftari 40.

Lipo kosa moja ambalo kila mwalimu wa hesabu analijua. Ukimpa mwanafunzi a jumlisha b ndani ya mabano, yote kwa mraba, atakupa a kwa mraba jumlisha b kwa mraba, basi. Nilikuwa nimelifuta kosa hilo mamia ya mara. Siku hiyo nikaliacha ubaoni. Nikasema, tujaribu na 3 na 4. Kwa njia hii tunapata 9 na 16, jumla 25. Lakini 3 na 4 ni 7, na 7 mara 7 ni 49. Zimepungua 24. Ziko wapi?

Kimya. Kisha binti mmoja wa nyuma, ambaye baba yake alikuwa dereva wa daladala za kwenda Dar es Salaam, akasema bila kunyoosha mkono: "Wameachwa stendi, mwalimu."

"Kina nani?"

"Abiria. Konda kapandisha wawili waliokuwa mlangoni, kagonga bodi, gari limeondoka. Abiria 24 wamebaki na mizigo yao."

Darasa lililipuka. Yule kijana aliyekuwa ameandika kosa lenyewe alicheka kuliko wote, akapiga ubao kwa kiganja, akapaza sauti, "Twende, twende, imejaa hiyo!" Kisha akachukua chaki mwenyewe, akazidisha mabano kwa mabano, akawapandisha abiria wake: 12 kutoka huku na 12 kutoka kule. Toka siku ile, darasani kwangu kosa hilo linaitwa konda. Mtu akikosea, wenzake wanaita, "Konda, abiria!" naye anarudi kuwachukua. Kidato kimoja kimekirithisha kingine. Wengine waliokuja nyuma hawajui hata msemo ulianzia kwa nani.

Niliweka sharti moja: anayecheka ndiye anayekwenda ubaoni kuonyesha kosa liko wapi. Hujui liko wapi, huna haki ya kucheka. Sharti hilo limenisaidia kwa miaka, ingawa lilinishinda mara moja, na sitaki kulificha. Kijana mmoja mwenye kigugumizi alikuwa akisoma swali, mwenzake akamwigiza, na mimi niliyekuwa nikiandika ubaoni nikadhani wanacheka hesabu, nikacheka nao bila kugeuka. Siku tatu hakuja shuleni. Siku ya nne nikatembea mpaka kwao, karibu na Kaole, nikamkuta anamsaidia mjomba wake kuziba mtumbwi. Nikamwomba radhi mbele ya mjomba. Nikamsimulia ya kura. Hakucheka, wala sikumtaka acheke. Alirudi Jumatatu, na kigugumizi hakikuwahi tena kuwa cha kuchekwa na mtu yeyote isipokuwa yeye mwenyewe, alipotaka, mwaka mmoja baadaye, kwa namna yake.

Niseme sasa habari ya msiba, kwa kuwa bila hiyo nisingeandika haya yote.

Mwaka 2016 dada mkubwa wa mzee wangu alifariki. Alikuwa muuza vitumbua, mtaa mzima tulikula mkononi mwake, na alikuwa na sifa moja: hakuwahi kuwa na chenji. "Chenji kesho," alikuwa akisema, na kesho yake deni halikumbuki. Nilichimba kaburi pamoja na wenzangu, tukazika, tukarudi. Usiku wa pili, wanawake wamekaa ndani kwenye mikeka, binti zake watatu wameinamisha vichwa, hawajala tangu jana. Mzee akatoka uani, akaniita pembeni.

"Mtani, kazi yako."

Nilijua anachotaka. Watani ndio wanaoruhusiwa kufanya mzaha msibani. Humwigiza marehemu, huzuia mlango, hudai madeni, huwafanya wafiwa wacheke ili waweze kula na kulala. Ndugu hawezi. Nikamwambia siwezi, mzee, mimi si mtu wa kuigiza. Akaniambia, "Najua huwezi. Wewe ndiye Mnyamwezi tuliye naye."

Nikaingia. Miguu ilikuwa inatetemeka. Nikachukua ukawa wa kufunikia chakula, nikaubeba kichwani kama sinia la vitumbua, nikajifunga kanga niliyopewa na bibi mmoja, nikasimama mlangoni. Nikasema kwa sauti niliyodhani ni ya marehemu: "Chenji kesho."

Hakuna aliyecheka. Sauti ilitoka nyembamba, imepasuka katikati. Nikarudia. Mbaya zaidi. Nikaona wanawake wakitazamana. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikajaribu mara ya tatu, ukawa ukaniteleza ukaanguka, na hapo binti wa katikati akainua kichwa.

"Siyo hivyo, mjomba," akasema. "Mama alikuwa anaanza kwa kukohoa."

"Vipi?"

"Hivi." Akakohoa. Kikohozi kimoja kikavu cha mtu mwenye biashara zake. "Halafu anatazama pembeni. Halafu ndiyo anasema."

Nikakohoa.

"Siyo! Hicho kikohozi cha mgonjwa!" Dada yake mkubwa akadakia, "Na mkono unakuwa kiunoni, siyo kifuani." Akasimama, akajifunga kanga vizuri, akachukua ukawa, akakohoa, akatazama pembeni. "Chenji kesho, mwanangu. Mungu akitupa uzima." Alikuwa mama yake mtupu, sauti, shingo, kila kitu. Chumba kikaanguka kwa kicheko. Halafu wakalia wote kwa pamoja, kilio kikubwa kuliko cha siku ya kwanza, kisha tena wakacheka, na mdogo wao akaanza kuigiza mama alivyokuwa akigombana na wauza mchele. Ilipofika saa sita za usiku chakula kilikuwa kimekwisha sufuriani.

Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni na kanga ya watu. Ningekuwa hodari wa kuigiza, wangenitazama. Wangecheka, pengine, kisha wangeinamisha vichwa tena. Kwa kuwa sikujua, walilazimika kunifundisha, na huwezi kumfundisha mtu sauti ya mama yako bila kuitoa mwenyewe. Mzee alinipa kikombe cha kahawa. Akasema tu, "Ulikuwa mbaya sana, mtani," na mkono wake ukabaki begani kwangu muda mrefu.

Siku hizi macho yake yamekwenda kabisa. Anacheza kwa vidole, anayapapasa mashimo haraka kama mtu anayesoma, na bado ananifunga. Hivi karibuni, Jumamosi moja baada ya alasiri, tulikuwa katikati ya mchezo, akaja mwanafunzi wangu wa kidato cha pili kuniletea madaftari ya wenzake. Akasimama pembeni kwa adabu. Zamu ilikuwa yangu. Nilichota kete 5, nikagawa, na kwa haraka yangu nikaruka shimo moja.

"Konda, abiria!" Ilimtoka tu. Akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Baraza likageuka. Mzee akauliza, "Nani huyo, na abiria gani?"

Binti akanitazama. Nikamwambia, mweleze babu. Akachuchumaa, akajaribu kueleza kwa maneno, mabano na mraba, akaona haeleweki. Akaomba kete. Mzee akamimina za kwake, nami nikamimina za kwangu, ubao mzima. Binti akazipanga chini kwenye mkeka: 3 kwa 3, zikawa 9. Pembeni kwa mshazari akapanga 4 kwa 4, zikawa 16, pembe ya huyu ikigusana na pembe ya yule. Kisha akauchukua mkono wa mzee, akaupitisha juu yake.

"Kona mbili tupu," mzee akasema.

"Ndiyo, babu. Hapo ndipo walipoachwa."

Mzee hakumsubiri. Akaanza kuzijaza mwenyewe, kete kwa kete, akihesabu kwa midomo. 12 kona hii, 12 kona ile. Alipomaliza akapapasa kingo zote nne za mraba, 7, 7, 7, 7, na kiganjani kwake zikawa zimebaki kete 15. Akakaa kimya. Muuza kahawa, ambaye sasa ana mvi kidogo, alikuwa amesimama na dele lake likipoa.

"Hamsini kasoro moja," mzee akasema. "Mtani, miaka yote hii unanificha hili?"

"Nilikuwa nafungwa, mzee. Sikupata nafasi."

Ndipo muuza kahawa akakumbuka. "Na mchezo je?"

Tukautazama ubao. Ulikuwa mtupu, mashimo 32 na vumbi.

"Nilikuwa nimebakiza zamu mbili nimfunge," mzee akasema.

"Si kweli," nikasema. "Nyumba yangu ilikuwa na kete 11, nami nilikuwa nimelala."

"Kalala?" Akageuza uso upande wa baraza. "Jamani, Mnyamwezi kalala?"

Walicheka mpaka paka wa jirani akaruka ukuta. Mzee akauvuruga mraba kwa kiganja, akamwambia binti akae mkekani, asiwe na haraka ya kwenda, akanyoosha mkono wake wa kushoto mbele.

"Nihesabie 22 zangu," akamwambia. "Na mwalimu wako mpe zake."